Chupa za Kioo Zimeondoka, Mama Neema

Mama Neema wangu,

Huko uliko sijui kama maneno yanafika. Mie naongea tu. Wanzuki yako ya asali bado inapikwa, ila chupa tumebadilisha. Nimeona nikwambie mwenyewe.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusumbua na chupa za plastiki? Natoka kufyatua matofali Wazo, mgongo umekufa, nakukuta unasugua chupa za kioo kwa mchanga. Nakwambia chukua hizi za maji, nyepesi, hazivunjiki. Ukanijibu bila kuinua kichwa: "Ya plastiki mtu anaondoka nayo. Ya kioo anakaa, aimalize, airudishe."

Nikakuuliza unauza pombe au unafuga watu. Ukacheka.

Lakini uwanja wetu hapa Tegeta ulikuwa haukosi mtu. Ukifungua chupa unaonja kwanza wewe, ndo unampa mteja, kama kwenu Singida. Mashaka fundi bomba anakutania, "Shemeji, onja kidogo basi, unanimalizia." Na wewe unaongeza funda lingine, makusudi. Siku ile ya mvua wote mkajibana chini ya bati la jiko, chupa mkononi, hakuna anayetaka kwenda kwake. Mie nimekaa kwenye ndoo. Nilikuwa nimeridhika tu.

Ulipokufa, Neema akashika jiko. Mwanao anajua kupika, mkono wako kabisa. Ila wewe ulikuwa unaziba kwa gunzi la mahindi, tena kwa kulegeza, hewa ipate pa kutokea. Yeye nzi walimkera. Akakaza magunzi, akafunga na mpira juu. Pombe bado inachacha humo ndani. Chupa ikampasukia mkononi. Kidole gumba hakikunjiki mpaka leo.

Akaniambia, "Baba, ya plastiki ukiiminya unaijua. Ikiwa ngumu unafungua kidogo. Ya kioo haikwambii kitu."

Nikaangalia ule mkono. Nikasema haya, lete plastiki.

Pombe ni ileile. Ladha naona imepungua, au mdomo wangu. Ila watu wakawa wanakuja, wanachukua, wanaondoka. Hata Mashaka akawa anasimama hapo nje, haingii. Nikamwambia kaa. Akasema ana haraka. Haraka ya wapi, kazi zenyewe hana.

Nikamwomba Neema turudishe za kioo, mie nitakuwa nalegeza magunzi kila asubuhi kabla ya kwenda kibaruani. Akaenda kusonga ugali kwa mkono wa kushoto.

Halafu akasema anahamia Mabibo. Kuna wabeba mizigo wa sokoni, wanakunywa sana, na chupa sasa hivi nyepesi, anazungusha mwenyewe. Kwa nini ang'ang'anie Tegeta? Nikamsaidia kupakia bajaji, sufuria, madumu na kila kitu. Akaniuliza, "Baba, utaweza peke yako?" Nikasema we nenda, jua linakuwa kali.

Za kioo amechukua mnunua vyuma chakavu. Alizimwaga kwenye mkokoteni kama kokoto.

Nikirudi kazini nafagia uwanja. Hauna uchafu, hakuna wa kuuchafua. Nafagia tu mpaka kiza kinaingia, halafu naingia ndani.

Basi, mama. Sina lingine. We pumzika.

Mumeo,
Baba Neema