Abiria Watatu

Mama watoto,

Huku ni wazima, ila mvua inatukomesha. Ule mfumo wetu wa kazini wa kutafuta nauli za ndege umepona. Zamani ulijikongoja, sasa ni kufumba na kufumbua, bei zimejipanga. Kila nikiupima naandika safari ileile: kutoka kwako kuja kwangu, mtu mzima mmoja, watoto wawili. Mfumo umeizoea hadi unaijibu kabla ya zote. Juzi bosi akanitania, "Hawa abiria wako mbona hawafiki?" Nikacheka naye.

Karatasi za talaka zimefika. Nimetia sahihi.

Leo nimeujaribu mfumo kwa miji ambako simjui mtu. Ukachelewa, ukazungukazunguka, kana kwamba unaniuliza wale watatu wako wapi.

Nibusie wanangu.

Baba yao