Jiwe la Kunolea Kisu

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwanza kwa heshima ya ukubwa wako, halafu kwa mapenzi ya mdogo wako. Mgongo umepoa? Shemeji ameacha kukoroma, au bado unamhamishia sebuleni? Na wapwa zangu wamepona mafua? Huku baba ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua, na mke wangu anakusalimu sana. Mimi mwili hauna neno, ila tangu Jumapili chakula hakipiti. Nikitia tonge mdomoni nasikia kichefuchefu, mpaka mke wangu ameniuliza kama nina mimba. Nitakueleza yote, lakini tafadhali isome barua hii ukiwa umeshakula, maana ina uchafu mwingi.

Barua yako ya kusema unakuja likizo niliisomea mezani. Baba alinirudisha mara mbili pale ulipoandika kwamba unataka kuwaonyesha wanao kibanda cha mawe ulimozaliwa, mwaka ule mvua ilipowafungia baba na mama mlimani pamoja na kondoo. Nilipomaliza kusoma, akaenda kutafuta viatu. Alisema wajukuu zake hawawezi kuja kukuta kibanda kina buibui, lazima apande akakifagie. Hajapanda tangu kondoo wa mwisho waliposhushwa, miaka kumi na moja sasa. Nikamtajia goti, nikamtajia jua, nikamtajia daktari. Akanijibu kwamba goti ni lake na daktari hakumzaa yeye.

Unakumbuka wachungaji walivyokuwa wakiuzunguka mlima. Walianzia chemchemi, wakauweka mlima mkono wa kulia, na kibanda chetu kilikuwa cha kwanza. Siku hizi njia ni ya watalii, ina mishale ya rangi ya njano, na mishale inakwenda kinyume. Mlima unakuwa kushoto, na kwetu kunakuwa mwisho, baada ya vibanda vingine vitano. Nilimshawishi baba tufuate mishale. Nilimwambia upande ule una kivuli. Sababu yangu haikuwa kivuli, utaiona huko mbele.

Dada, sijui nikuandikieje. Kibanda cha kwanza ni kile cha yule mchungaji kiziwi aliyekuwa akipiga filimbi bila kujua anapiga nini. Tuliinama kuingia, na kabla macho hayajazoea giza pua ilikuwa imeshajua. Mavi. Si ya kondoo, maana ya kondoo tumekulia juu yake na hayana ubaya. Ya watu, dada, watu wazima wenye viatu vya gharama, waliochuchumaa kwenye kona aliyokuwa akilala mtu, wakafunika na karatasi nyeupe kana kwamba karatasi ni adabu. Kwenye meko kulikuwa na nepi iliyokunjwa vizuri. Hiyo ya kukunjwa vizuri ndiyo iliyonitia kinyaa zaidi, kwa sababu mama fulani alifikiri amefanya usafi.

Cha pili kilikuwa na chupa za plastiki, na kilichokuwa ndani yake hakikuwa chai. Cha tatu wamekwangua majina yao kwenye kila jiwe, na mioyo, na tarehe. Pale tulikuta kundi la watembezi wamekaa mlangoni wanakula mayai, na maganda wanayatupa ndani. Mmoja wao, bwana mwenye fimbo mbili za chuma, alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba wachungaji wa zamani walilala wamekumbatia kondoo na hawakuoga maisha yao yote. Mimi mkono ulikuwa unaniwasha. Baba akamsalimia vizuri, akamwambia kwamba yeye ni mchungaji wa zamani, na jana ameoga. Kisha akaomba apishwe, akaingia, akayaokota maganda yote akayatia kwenye kofia yake.

Nilitegemea atachoka. Nilitegemea, kwa kweli nilikuwa naomba, kwamba kufikia kibanda cha nne goti litamshinda na yeye mwenyewe atasema turudi. Hakusema. Kila kibanda alikata tawi, akafagia, akafukia alichoweza kufukia, akaendelea mbele. Mimi nilikuwa nje nimeziba pua, natukana. Nilitukana watalii, nikatukana na mama zao. Baba akaniuliza mbona nina hasira hivyo na uchafu ambao anaufagia yeye.

Tulifika kwetu mchana. Dada, hakuna kibanda. Pamebaki duara la udongo lenye upupu, na katikati meko yenye majivu meusi. Baba alisimama mahali palipokuwa mlango, akainua mkono wa kulia hewani, usawa wa kifua. Ukikumbuka, hapo kwenye mwimo wa mlango palikuwa na lile jiwe alilonolea kisu kila asubuhi kwa miaka arobaini, likachimbika katikati kama kijiko. Kisu kilichokata kitovu chako kilinolewa hapo. Nilimwambia ni maporomoko. Aliangalia juu, akaangalia chini, akasema basi yalikuwa maporomoko yenye adabu, yamebeba mawe yote na majivu yamewaachia wenyewe. Halafu akafagia. Alifagia duara tupu, dada, na mimi nilikaa pembeni nikimwangalia.

Tukashuka. Njia ni ya mzunguko, inaishia ilipoanzia, kwenye maegesho ya magari, na pale kuna choo cha mawe ambacho watalii wanakipenda mno. Wanakipiga picha. Asubuhi nilimpitisha baba upande wa pili ili asikione vizuri. Jioni alikuwa amebanwa, na mzee akibanwa utamzuiaje? Akaingia. Mimi nikabaki nje nahesabu magari. Alikaa humo muda mrefu sana, mpaka mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaniuliza kama mzee wangu anaumwa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizunguka kama huo mlima.

Choo kile nimekijenga mimi. Ni miaka miwili iliyopita, ule msimu niliowaambia kwamba nimepata kazi ya ukuta wa shule mji wa pili. Msimamizi wa njia, yule tunayemwita Bwana Ramani, alitaka choo kionekane cha zamani, na mawe mapya hayana uzee. Nikamwambia najua mawe yalipo. Nilijiambia kwamba watu wakipata choo wataacha kuchafua vibanda, kwa hiyo kimoja kife ili vitano vipone. Umesikia mwenyewe jinsi vitano vilivyopona. Na hata hilo nililitunga baadaye. Nilichagua chetu kwa sababu kilikuwa karibu na njia ya trekta, basi. Ile picha ya kibanda chetu niliyokutumia mwaka jana, uliyoniambia umeitundika sebuleni, ni ya kibanda cha kiziwi.

Baba alipotoka alinawa mikono taratibu, akaniuliza fundi wa choo hiki ni nani. Nikamjibu simjui, nasikia alitoka mbali. Akatikisa kichwa. Akasema ni fundi mzuri, na aliyemfundisha hakupoteza muda wake. Kisha akaomba bega langu ashikilie mpaka nyumbani, nikampa.

Kesho yake nilirudi peke yangu. Nilingoja watu waishe, nikaingia, nikafunga mlango. Jiwe lake liko pale, mkono wa kulia, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Nililiweka mwenyewe na nilikuwa nimelisahau, hebu fikiria. Kile kishimo wanakitumia kuzimia sigara. Lakini si jiwe hilo tu. Unajua baba alivyotufundisha kujenga bila udongo wala saruji. Mafundi wote hupigilia kabari, vile vijiwe vya kubana mawe, kwa nje, ambako macho ya watu yapo. Yeye alikataza. Alisema kabari hupigwa kwa ndani, ili mvua isiifikie na mtu asiing'oe. Nilitazama ukuta ule kutoka ndani, mstari baada ya mstari, na kabari zote zilikuwa zinaniangalia. Hakuna watu wengine duniani wanaojenga hivyo, ni yeye na mimi. Aliponiuliza, alikuwa ameshajua. Alikuwa ananipa nafasi, na mimi nikasema fundi ametoka mbali.

Tangu siku hiyo nanuka choo kile. Nimeoga, nimebadili nguo, mke wangu anasema hasikii kitu. Watalii niliowatukana walijisaidia kwenye nyumba wasiyoijua ni ya nani.

Baba hajakasirika, ndiyo shida yenyewe. Anakula, anatania watoto, ananisalimia asubuhi. Ila maisha yangu yote ameniita "mwanangu", hata aliponichapa. Sasa ananiita "fundi". Jana mezani, kwa upole kabisa, aliniambia, "Fundi, nisogezee maji." Watoto walicheka wakidhani ni utani mpya. Nilimsogezea maji.

Sikuombi unitetee. Nimekuandikia kabla hujafika kwa sababu sitaki uje na wanao mpaka kwenye lile duara na mimi niseme maporomoko mara ya pili. Picha iondoe ukutani ukitaka. Baba anasema mkija atawapeleka yeye, kwa njia ya chemchemi, mlima ukiwa kulia. Mimi hakunitaja.

Nisalimie shemeji, na Mungu akulindie huo mgongo. Wapwa zangu wabusu kwa niaba ya mjomba wao, na uwaambie kwamba mkifika kwenye maegesho, hata wakibanwa vipi, wasubiri choo cha nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi