Kamba ya Pili ya Kisima

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Endasak maharage yamechanua, na bibi yako anakusalimia.

Unajifunza kuruka kutoka kwenye ndege, na unaniuliza uchague parachuti ya akiba ipi. Naogopa, lakini sikukatazi.

Ujanani tulichimba kisima, tukamshusha mdogo wangu Bura kwa kamba mbili za ngozi ya ng'ombe. Ya kazi tuliipaka samli kila mara. Ya akiba alifungwa nayo pia, lakini baada ya kazi tuliitundika ukutani bila kuipaka, kwa kuwa haikubeba uzito. Ya kazi ilipokatika, ile ya akiba ilikuwa imekauka, nayo ikakatika. Unajua Bura anavyochechemea mpaka leo.

Chukua inayobeba uzito wako bila shida, iliyokaguliwa na kukunjwa upya karibuni. Ukitua, nipigie kabla hujaivua.

Babu yako