Ile Theluji Haikuanguka

KITUO CHA POLISI, TORVOLA, MICHIGAN
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Irja Helmi Savela
Umri: Miaka 61
Kazi: Mwenye biashara ya kuondoa theluji
Makazi: Nyumba namba 418, Mtaa wa Quarry, Torvola
Yamechukuliwa na: Sajini Lorna Beauchene
Tarehe na saa: Jumapili, 9 Februari 2025, saa 5:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa sababu jana jioni nilimsikia Bwana Dale Hutchens, mwenye nyumba namba 420 iliyo jirani na yangu, akimwambia mkuu wa zimamoto kwa simu iliyowekwa kwenye spika kwamba theluji ilianguka ikaziba bomba la moshi, na kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Si kweli. Mungu hakuwa na kazi pale.

Naishi namba 418 tangu mwaka 1989 pamoja na mume wangu, Arvid Savela, mwenye miaka 66. Kazi hii niliianza kwa sepeto moja la marehemu baba, mwaka ule kiwanda cha mbao kilipofungwa. Leo nina matrekta matatu na nyumba mia moja na kumi na mbili za kuhudumia. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema ili ieleweke kwamba sina ruhusa ya kusema sikujua.

Mnamo Novemba 2023 Arvid alianguka kutoka juu ya paa la mteja wetu, akasikia fuvu likipasuka. Alipona, ila tangu siku hiyo kila mshindo humwingia kichwani, na ukizidi anashikwa na kifafa. Mwezi uliopita daktari aliniambia wazi: akianguka tena mara mbili, hataruhusu aendelee kukaa nyumbani na mimi niko kazini. Itabidi apelekwe kwenye nyumba ya wauguzi, na yenye nafasi iko mwendo wa saa tatu kwa gari, barabara ikiwa safi. Katika miaka thelathini na nane ya ndoa, mimi na Arvid hatujatenganishwa na kitu isipokuwa hospitali.

Nyumba namba 420 ni ya kupangisha. Agosti waliingia wanafunzi wawili, Kipp Lindahl wa miaka 20 na Renata Osgood wa miaka 21. Kipp hupiga dramu, Renata hupiga gitaa la besi. Walifanyia mazoezi kwenye chumba cha chini ya ardhi, ambacho kidirisha chake kinatazama jikoni kwangu. Kati ya ukuta wao na wangu pana futi nane.

Wanafunzi hao si watu wabaya, na nataka hilo liandikwe. Walianza saa tisa alasiri wakitoka darasani, wakaacha saa moja au saa mbili usiku. Ndiyo maana sheria haikunisaidia. Afisa aliyekuja Oktoba alikuwa mstaarabu. Alisimama jikoni kwangu, akasikiliza, akatazama saa yake. Akasema, "Mama Savela, ni saa kumi jioni. Kisheria kelele zinaanza saa nne usiku."

Nilimpigia Bwana Hutchens, ambaye majira ya baridi huishi Arizona. Akanijibu, "Mama, hao wanasoma, wanalipa, hawavunji kitu. Mnunulie mzee pamba za masikio." Nilimwambia kwamba pamba haizibi mfupa. Akacheka, akakata.

Nilikwenda pia kwa Kipp mwenyewe. Nilimwambia, "Kijana, ngoma yako inampiga mume wangu." Akadhani namtania. "Inampiga vipi, bibi, na yeye yuko kwake?" Nilimweleza kwamba inapita ardhini. Kwa wiki moja alipunguza. Kisha wakapata nafasi ya kushiriki shindano la bendi tarehe 1 Machi, na mambo yakarudi yalivyokuwa.

Mnamo Alhamisi, tarehe 6 Februari, saa 9:40 alasiri, nilirudi nyumbani nikamkuta Arvid sakafuni, kati ya meza na jiko, anatetemeka, kikombe cha kahawa kimevunjika chini ya bega lake. Nilimshika kichwa. Sakafu ilikuwa inadunda kutoka kwa jirani, na kisigino cha Arvid nacho kilikuwa kinadunda. Havikwenda pamoja. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba havikwenda pamoja.

Alipotulia nilimlaza, nikaenda namba 420. Kipp alifungua yuko miguu mitupu.

"Bi. Irja, tena?"

Nikasema, "Ameanguka."

Uso wake ulibadilika. Akauliza, "Kwa sababu yangu?"

Renata alikuja nyuma yake. Akasema, "Bibi, ni wiki tatu tu. Shindano likiisha tunafungasha vyombo, hutatusikia tena."

Nikamwambia, "Binti, wewe una wiki tatu. Mimi sina."

Ndipo nikawaambia jambo nililokuwa nalifikiria tangu Krismasi. Kila mtu wa hapa anajua theluji nyingi ikitua mji mzima unakuwa bubu. Niliwaomba wanikubalie nijaze ule uchochoro kati ya nyumba zetu, nisukumize theluji hadi izibe kidirisha chao cha chini.

Kipp akasema, "Yaani utuzike."

"Hadi kiunoni tu."

"Zika, bibi. Huenda na joto likakaa ndani."

Renata akasema, "Huyu alishajifia kwenye mtihani wa hesabu. Hakuna atakayeona tofauti."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kipp akavaa buti akatoka kunisaidia. Sepeto hajui kulishika, analitumia kama mtu anayekoroga uji, lakini hakuacha hadi mwisho.

Sasa nafika kwenye lile lililonileta.

Katika kazi yangu kanuni ya kwanza ni bomba. Kabla hujagusa theluji ya mtu, unauliza bomba la moshi la mashine yake ya joto linatokea wapi, unachomeka fimbo ya rangi ya chungwa kando yake, halafu ndipo unawasha trekta. Nilishamfukuza kazi mtu mzima mwenye watoto kwa sababu ya fimbo moja. Miaka yote niliyokaa pale, moshi wa namba 420 ulitokea juu ya paa. Sikujua kwamba Septemba Bwana Hutchens alifunga mashine mpya kwa mikono yake, akatoboa ukuta wa ubavuni na kupitisha bomba huko, karibu na ardhi. Hiyo ni kweli, na ningependa maelezo yangu yaishie hapo.

Saa 11:15 jioni, taa ya trekta ikiwa inamulika ukuta wao, niliona tundu kwenye theluji ya zamani, ukubwa wa sahani, linatoa mvuke. Nilisimamisha trekta.

Kipp akaniuliza, "Vipi, bibi?"

Nikasema, "Mashine yenu ya kukaushia nguo inafanya kazi?"

Akasema, "Labda Renata amewasha."

Mvuke wa mashine ya nguo unanuka sabuni. Ule haukunuka kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, na kushuka ni hatua mbili. Nilitazama dirisha letu, taa ilikuwa inawaka, Arvid amelala. Nilijiambia kwamba hilo likiwa bomba la mashine ya joto, ukuta wangu wa theluji haujengwi, na kesho saa tisa ngoma itaanza tena. Kwa hiyo nikaamua ni nguo. Sajini, naomba uandike neno hilo hilo. Niliamua. Nikavuta mkono wa trekta, nikamwaga.

Ijumaa tarehe 7 walipiga kama kawaida, lakini kwetu ilifika kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Arvid alikunywa supu ya samaki bakuli mbili. Nilikwenda kukaa ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, ambayo haijawashwa moto, nikalia, kwa sababu huko hanisikii. Jioni Kipp alileta sahani ya biskuti alizooka Renata, zimeungua chini. Alikuwa anajikanda kipaji cha uso. Alisema, "Kichwa kinanigonga, bibi. Hilo sepeto lako limeniweza." Nikamwambia ujana wa siku hizi hauna mgongo wala kichwa. Tukaagana.

Mkuu wa zimamoto alinieleza baadaye kwamba theluji ikiwa laini moshi ulikuwa bado unajipenyeza. Usiku wa Ijumaa baridi ilikaza, mvuke ukageuka barafu mdomoni mwa bomba, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu ikarudi ndani, chumba cha chini.

Jumamosi tarehe 8, saa tisa alasiri, hapakusikika kitu. Tulikuwa mezani. Arvid alikuwa amevua viatu, nyayo zenye soksi ziko sakafuni.

Akasema, "Mbona kimya?"

Nikasema, "Ukuta unafanya kazi."

"Jana ukuta ulikuwepo, na niliwasikia kwa miguu. Leo hata miguu haisikii."

"Kunywa kahawa yako, Arvid. Shukuru."

Nilijimiminia kikombe cha pili. Nilikinywa polepole, pamoja na mkate wa iliki, nikitazama gari lao lililolala na theluji yake bila kupanguswa. Nilikuwa nimeshaanza kujua. Nilikuwa nakunywa huku najua. Ulikuwa mchana wa kwanza tangu Agosti ambao mume wangu alikaa mezani bila kushika kichwa, na nilitaka uishe wenyewe.

Saa 10:05 jioni Arvid alisema, "Irja. Nenda."

Nilitoka na sepeto. Ukuta wangu ulikuwa umenyooka, mweupe, hauna tundu wala mvuke popote. Nilipiga mlango, nikaita kwa majina. Nilipiga simu ya dharura nikiwa nimesimama barazani, kisha nikavunja kioo cha mlango, nikafungua kwa ndani. Renata alikuwa kwenye ngazi, kwa magoti na mikono, ametapika. Akaniambia, "Kipp yuko chini. Namwita, hajibu." Nilimburuta hadi barazani, nikamwambia apumue, asirudi ndani hata iweje.

Nilishuka. Kipp alikuwa amelala kando ya dramu zake. Vijiti alikuwa ameviweka juu ya ngoma, sambamba, kama mtu aliyetaka kupumzika kidogo. Mashavu yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka sauna. Nilimwambia, "Amka, mwanangu, upige." Nilimlaza juu ya zulia, nikalivuta. Nimevuta magogo mazito kuliko yeye, lakini magogo hayana kichwa cha kugonga kwenye ngazi. Nilikuwa nimefika katikati watu wa zimamoto walipoingia wakamchukua.

Baada ya hapo nilikwenda uchochoroni nikachimba kwa mikono ile theluji niliyoirundika hadi nikalipata bomba. Waliniondoa hapo kwa nguvu.

Renata ametoka hospitali leo asubuhi. Kipp bado hajaamka. Nilipiga simu hospitalini saa moja asubuhi wakaniuliza mimi ni nani wake. Nilisema jirani. Wakasema wanazungumza na ndugu tu. Wazazi wake wako njiani kutoka Wisconsin, na hadi sasa wanaambiwa ilikuwa theluji.

Arvid hajalala. Nilipotoka kuja hapa alikuwa mezani, amevua viatu, nyayo ziko sakafuni. Sikumuuliza anasikiliza nini.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na hayo ndiyo niliyoyafanya. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu. Nimesomewa nikasikia yote.

Sahihi: I. H. Savela

MAELEZO YA AFISA

Yamechukuliwa nami na kusomwa kwa sauti mbele ya mtoa maelezo. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeandika "theluji iliyoangukia bomba." Aliomba neno "iliyoangukia" lifutwe na badala yake liandikwe "niliyoirundika." Nimerekebisha, na ametia herufi za kwanza za majina yake pembeni.

Alipofika kwenye habari za mvuke nilimsimamisha, nikamweleza kwamba maelezo haya yanaweza kumtoa kwenye nafasi ya shahidi, na kwamba ana haki ya kunyamaza na kuwa na wakili. Alijibu, "Kunyamaza nimeshajaribu. Andika."

Hadi saa 6:50 mchana alipotia sahihi, hospitali haikuwa na habari mpya za Kipp Lindahl.

Kabla ya kuondoka aliomba ruhusa ya kuchomeka fimbo ya alama kwenye bomba la namba 420. Nilimjibu kwamba eneo limezungushiwa utepe na haruhusiwi kuingia. Nilipopita kukagua saa 9 alasiri utepe ulikuwa haujaguswa. Upande wa ua wake, hatua moja nje ya utepe, palikuwa na fimbo mpya ya rangi ya chungwa, imeinamishwa kuelekea bomba. Mume wake alikuwa dirishani. Nyumba namba 420 ilikuwa kimya.

Sajini L. Beauchene