Kigingi cha Nne

Nyumbani kwa Kaka,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi yangu,

La, bado hatujaanza kujenga, na juzi ulipokata simu ukisema nakuficha jambo, uliniacha na jibu mdomoni. Habari hii haienei kwenye simu. Lakini adabu kwanza: hujambo? Goti limepoa, au bado linakutabiria mvua? Sisi wazima. Mke wangu ndiyo usiseme. Kila nikimtazama naona amezidi kunawiri, nami namtazama muda wote, mpaka shemeji, mke wa Kaka, anasema nitateguka shingo.

Ila tumechoka, Shangazi. Miezi mitatu ya ndoa tunalala sebuleni kwa Kaka, kwenye kochi nililolishona kwa mikono yangu. Hatuwezi kulitandika mpaka Kaka amalize taarifa ya habari, na Kaka haamini habari mpaka aisikie mara mbili. Mke wangu hukaa pembeni, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Juzi aliniambia polepole kwamba tangu tuoane hajawahi kucheka kwa sauti humu ndani.

Kiwanja ulichotuzawadia kipo, tena kizuri, lakini mkaguzi wa ujenzi hatii sahihi mpaka aone vigingi vyote vinne vya mpaka. Vitatu tumevipata. Cha nne, cha pembe ya nyuma, kimemezwa na ardhi. Na kiwanja chenyewe kimekaa kama mkate uliomegwa, kwa hiyo kamba ya kupimia haisaidii kitu. Kupimwa upya nako ni kupanga foleni mpaka mwakani.

Basi mke wangu, si unajua yumo ofisi ya wapima ardhi, akaazima magnetomita kwa Jumamosi na Jumapili. Ni fimbo ndefu yenye kisanduku cha namba. Inahisi sumaku ya chuma kilichofukiwa, halafu inalia. Chuma kilichosimama wima, kama kigingi, hulia mahali pamoja, juu ya kichwa chake. Kilicholala hulia ncha zote mbili. Dhahabu na shaba haina habari nazo. Laiti ungemwona akitembea nayo, mstari kwa mstari, amekunja uso, ameuma mdomo! Nilimpenda upya papo hapo.

Jua la jana lilikuwa kali, nami sikuweza kuuona uso ule ukiungua. Nikachukua mwavuli wangu mkubwa, nikamwandama hatua kwa hatua nikimkinga. Mashine ikalia. Kila tulipokwenda, ililia. Tukachimba, tukapata udongo. Tukachimba tena, tukapata springi ya gari. Jirani yetu mchomelea vyuma, mtaani wanamwita Bwana Cheche, akasimama mlangoni pa karakana yake, inayopakana na kiwanja chetu kwa nyuma.

"Bwana arusi, mnazika au mnafukua?"

Mke wangu akaniamuru nitoe kila chuma mwilini. Nikatoa funguo. Nikatoa misumari ya makochi, mifuko yote miwili. Nikavua mkanda, nikashika suruali kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono wa pili, na mashine ikaendelea kulia kama imefiwa. Akanituma maji, nikaenda na mwavuli wangu. Niliporudi nilimkuta ameketi chini, mashine iko kimya pembeni yake, ananitazama kwa macho ambayo hakuja nayo harusini.

"Mume wangu," akasema, "hizo mbavu za mwavuli ni za nini?"

Za chuma, Shangazi. Siku nzima nilikuwa namharibia kazi kwa mapenzi. Bwana Cheche akashika tumbo: "Mwache apate jua, mzee, hayeyuki!" Mimi sikucheka, na mke wangu hakucheka. Tulirudi nyumbani bila kushikana mikono.

Leo nimekaa mbali, ng'ambo ya barabara. Amefanya kazi safi, peke yake. Kiwanja chote kimya, lakini kila akiikaribia pembe ya nyuma mlio unapanda, mpaka ndani ya karakana ya Bwana Cheche, kwenye meza yake ya chuma iliyofungwa katika sakafu ya zege. Hapo mashine inapagawa: meza, nondo za sakafu, vipande vya vyuma, vyote vinalia pamoja. Kigingi kama kipo, kimo humo. Ni wapi hasa, mashine haiwezi kusema, na kesho asubuhi inarudi ofisini.

Nilivuka barabara nimejiandaa kwa ugomvi, lakini Bwana Cheche alimgeukia mke wangu akaongea kwa haki. "Shemeji, hapa kwangu kila kitu kinalia. Nivunje sakafu nzima? Nitakula nini?" Kisha akasema eneo lake alilinunua kwako, na vigingi vilipopigwa ulikuwepo, unawafokea wapimaji wasikanyage mboga zako. "Mama yule akija akaniwekea kidole hapa, hapo navunja mwenyewe." Mke wangu akakubali kabla sijafungua mdomo.

Kama amenisamehe? Chai amenipa, sukari hajaweka. Nadhani tuko katikati.

Shangazi, zawadi ulishatoa, sikuombi nyingine. Nakuomba kidole chako tu. Usiniambie umezeeka, umesahau. Aliyewafokea wapimaji hasahau walipopiga nyundo.

Nisalimie binamu mshona viatu, mwambie vile vya harusi bado vinanibana. Msalimie na Bibi, kwa sauti kubwa, sikio la kulia. Mke wangu anakubusu mikono. Mungu akulaze salama na akuamshe na miguu myepesi.

Fungasha nguo zako mapema. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja wote wawili kukuchukua.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kipimo,
Fundi Makochi