Mama Mkwe Alipopanda Jukwaani

Jumapili. Mvua ya mawe imepiga mabati tangu adhuhuri, na migomba yangu miwili imelala chini. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Kesho anakuja msichana wa gazeti kuniuliza habari za maisha yangu ya uigizaji. Swali lake la kwanza nalijua, maana wote huliuliza: Mzee, ulijifunzia wapi ukatili ule wa kwenye filamu? Huwa nawajibu, mazoezi.

Uongo mtupu. Nilijifunzia nyumbani.

Miaka ya sabini ikianza nilikuwa karani, na kila Jumapili nikiigiza na kikundi chetu pale Keroka, ndani ya ghala kuukuu la pareto. Mchezo uliojaza watu ulikuwa wa mume mpiga mke, na mume nilikuwa mimi. Mwalimu aliyeigiza mke wangu alijitupa nyuma ya benchi akipiga mayowe, nami nikalicharaza benchi kwa mkanda mpaka vumbi likatoka. Kina mama walishika vichwa. Wanaume wengine walinishangilia, Mungu atusamehe.

Hawakujua kwamba sikubuni kitu. Kuuzungusha mkanda mara mbili kwenye ngumi, chuma chake kikining'inia. Kuuliza "Nani amekuuliza?" kabla ya kila pigo. Hivyo hivyo ndivyo nilivyompiga mke wangu Kemunto, niliyemwoa miaka ya sitini. Nilimvunja jino. Nilimpiga akiwa na mimba ya pili, na mimba ikatoka.

Haya, nimeandika.

Jumapili moja mama yake alikuja kutoka Nyacheki, akaketi na Kemunto benchi la mbele. Sikuwaona mpaka nimeshaanza. Kwetu Kisii mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hata salamu ni ya mbali, macho chini. Nilidhani aibu itamtoa nje, nikaendelea. Kwa nini niliendelea? Kwa sababu watu walikuwa wananishangilia.

"Nani amekuuliza?" nikafoka, nikauzungusha mkanda.

Mama yule alikuwa ameuona mgongo wa binti yake wiki hiyo, na alama za chuma. Sasa akakiona chuma chenyewe. Akapanda jukwaani. Akanishika mkono, mama mkwe wangu, mbele ya Keroka nzima, akaniambia kwa sauti ya chini, "Basi nipige mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

Nikaushusha mkono. Akaunyakua mkanda, akanicharaza usoni, kichwani, usoni tena, mpaka nikapiga magoti na damu ikaniingia jichoni. Na watu je? Walicheka mpaka wakatokwa machozi! Walidhani ni sehemu ya mchezo. Makofi yalikuwa ya kung'oa mabati.

Kemunto hakucheka. Aliondoka na mama yake, wakaenda na mkanda wangu Nyacheki.

Katika watazamaji alikuwepo bwana mmoja wa filamu kutoka Nairobi. Alinipa kazi nikiwa bado najipangusa damu. "Na yule mama ni hatari," akasema. "Mlete pia." Nikamwambia hapendi safari. Jioni hiyo wazee wa ukoo wangu wakapanga twende Nyacheki Jumanne nikaombe msamaha kwa wakwe, nimrudishe mke wangu.

Jumanne nikapanda basi la Nairobi. Kemunto hakurudi kwangu tena.

Huko wakanifundisha kofi la sinema. Unalirusha kwa nguvu zako zote, halafu unausimamisha mkono ukibakisha unene wa kidole kufika shavuni. Nilijiambia itanichukua mwezi mzima, mtu wa hasira kama mimi.

Ilinichukua mchana mmoja.

Nilimrushia makofi dada nisiyemjua hata jina, nikiwa na njaa, nikiwa nimekasirika kweli kweli, kidonda cha usoni kikiniwasha, na sikugusa hata unywele wake. Akacheka, akaniambia nina mkono wa upole.

Tangu hapo nimeigiza majambazi, askari na wauaji. Sijawahi kumuumiza mwigizaji hata mmoja, na kwa hilo husifiwa sana.

Miaka minane ya ndoa nilimwambia Kemunto kwamba hasira zikinipanda mkono haunisikii. Kumbe ulikuwa unanisikia.

Kesho msichana wa gazeti asipouliza habari za Kemunto, nitamwambia mwenyewe.