Mwalimu, Wimbo wa Nafula Umefunguka

Mbotela, Jumatatu asubuhi

Mwalimu Wekesa, rafiki yangu,

Wimbo umeimbwa. Naanza na hilo kwa sababu najua hukuwa na subira na barua ndefu. Hata zile za kamati ya kanisa ulikuwa unaziruka mpaka mstari wa mwisho. Basi mstari wa mwisho ndio huo: binti yako Nafula aliolewa juzi Jumamosi, na wimbo uliomtungia umeimbwa kwa sauti zote nne. Sasa tulia nikueleze jinsi ulivyonusurika kupotea, na kwamba aliyekaribia kuupoteza ni mimi, Mama Mwende, kiongozi wako wa sauti ya pili.

Nina jambo la kuungama. Siku ya kukuaga, kabla jeneza halijafungwa, mimi ndiye niliyeweka daftari lako la solfa mikononi mwako. Lile jeusi la jalada gumu, lenye nyimbo zako zote, do na re na mi kwa penseli, ukiandika na kufuta na kuandika tena mpaka karatasi inatoboka. Wanakwaya walilia. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Hapo sasa ameenda na mali yake." Nilijiona nimefanya jambo la heshima kubwa. Mwalimu wa kwaya anaagwa na kwaya yake, na sikuona kitu kilichokuwa chako kuliko kile. Tena sikuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu ulishatuambia mara mia: "Yote yako kwa kompyuta, Mama Mwende. Wacha kubeba makaratasi."

Kunicheka na makaratasi yangu ulikuwa umezoea. Mimi nilipiga chapa kanjo, pale baraza la jiji, tangu usichana mpaka nikastaafu, na wewe ulikuwa unazunguka mitaa ya kanjo hiyo hiyo ukisoma mita za maji. Kumbe jioni ulikuwa unaenda darasani kujifunza kutengeneza kurasa za kompyuta, humwambii mtu. Nakumbuka ile Jumamosi ulipotuita ofisini kwa pasta, ukafungua brauza, na pale kwenye skrini pakatokea vitufe vinne. Ukibofya kitufe cha sauti ya pili, noti zangu zinapita moja moja zikiwaka rangi ya chungwa, na kinanda kinapiga sauti yangu peke yake. Ukibofya vyote vinne, unasikia wimbo mzima. Tulipiga kelele kama watoto. Tangu siku hiyo kila kiongozi wa sauti alipewa CD yake, na aliyekuja mazoezini bila kujua sehemu yake hakuwa na pa kujificha.

Kisha ukaugua. Majuma machache kabla hujaondoka ulinipa bahasha yenye CD, umeandika juu yake "Wa Nafula." Ukaniambia, "Usiufungue mpaka siku yake ifike. Nataka uwe mpya." Nafula alikuwa bado chuoni, hata mchumba hana. Niliiweka bahasha kabatini chini ya mashuka ya wageni, na sikuigusa. Wewe unanijua. Nikiambiwa usifungue, sifungui.

Lakini Mwalimu, dunia ya kompyuta haikukungoja. Zile kurasa zako zote zilikuwa zinaendeshwa na plagini, kile kipande cha programu kinachobandikwa kwenye brauza ili michoro isogee na muziki usikike. Haukupita muda mrefu baada ya kukuzika, walioitengeneza wakaiacha, na brauza zote zikaifukuza. Tulifungua wimbo wa Krismasi tukakuta kisanduku cha kijivu na maneno kwamba plagini haitumiki tena. Hatukushtuka sana. Nyimbo zako za zamani tulikuwa nazo kichwani, tukasema labda kompyuta ya kanisa imezeeka. Sikufikiria hata mara moja ile bahasha chini ya mashuka. Hapo najilaumu.

Mwanzoni mwa mwaka huu Nafula akaja kwangu na mwanamume mpole, mrefu, anayefanya kazi ofisi moja na yeye. Walikuwa wameshapata nyumba Komarock, na harusi ingekuwa baada ya Pasaka. Tulikunywa chai. Alipokuwa anatoka, mlangoni, akaniuliza, "Anti, ule wimbo wa Baba bado uko?" Mama yake alikuwa amemwambia kwamba upo na kwamba mimi ndiye niliyepewa. Nikamjibu, "Uko, mama. Wewe shughulikia gauni."

Alipofika tu barabarani nikaitoa bahasha. Laptopu niliyonunuliwa na mwanangu Mwende haina hata mahali pa kutia CD. Nikaenda nayo kwa yule dada mwenye cyber, duka la intaneti, karibu na duka la mkaa, akanihamishia mafaili. Akafungua ukurasa wako. Kisanduku cha kijivu. Akakiangalia, akaniangalia, akasema, "Mathe, hii kitu ilikufa kitambo. Hakuna laptop ya saa hizi itaifungua."

Nikamwambia ajaribu. Ni mtu mzuri, alijaribu. Alisema zamani watu walikuwa wanaidanganya kompyuta kuhusu tarehe, ili ile plagini idhani siku yake ya kufa haijafika. Akairudisha tarehe nyuma. Nikaona pale pembeni mwa skrini umeandikwa mwaka ambao wewe ulikuwa hai, ukija mazoezini na koti lako la kijani. Nilitamani auache hivyo hivyo. Haikusaidia, kwa sababu laptopu yangu haikuwahi kuwa na plagini yenyewe, kwa hiyo hapakuwa na wa kudanganywa. Basi akatafuta mtandaoni brauza ya kale pamoja na plagini yake, akaipakua mahali ambapo hata yeye hakupaamini, na laptopu ikaanza kunipongeza kila dakika kwamba nimeshinda zawadi. Ilimchukua siku mbili kuiondolea virusi. Akaniomba msamaha, nami nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikaanza kulifikiria daftari. Nitakuambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: nilifikiria kaburi lako kule Bungoma. Nilijiuliza karatasi inadumu ardhini muda gani. Kisha nikaona aibu, nikatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Zilipobaki wiki saba nikaenda mtaa wa Ziwani kwa mkeo. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka mbuyu, lakini aliponifungulia tu nikalia pale pale mlangoni. Nikamwambia kila kitu: daftari niliweka mimi, wimbo sina, na mtoto nimemwambia uko. Mama Nafula akaniketisha. Akawa anakuna goti. Kisha akasema, "Nilikuona ukiliweka. Nilidhani unajua unachofanya."

Mwalimu, nilitaka ardhi inimeze. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka akashika kiti, nami nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka. Akasema na yeye alikutilia mfukoni miwani yako ya kusomea, kwa hiyo huko uliko angalau daftari unaliona. Kisha akajipangusa uso kwa kanga na kuniambia neno moja la maana: "Wewe ulikuwa karani. Rudi usome." Nilitoka pale mwepesi. Sikuwa nimepata wimbo, lakini nilikuwa nimeacha kudanganya.

Na kweli, nilikuwa sijasoma. Nilikuwa nakimbilia watu. Kesho yake baada ya chakula cha mchana nikavaa miwani, nikaketi na laptopu na kalamu. Nikakuta kwamba tatizo langu ni la watu wengi duniani, wenye michezo na masomo na kadi za kuzaliwa zilizokwama ndani ya plagini zilizoachwa. Kuna waliojitolea kuandika programu mpya ya bure. Haifufui ile plagini ya kale, ambayo wanasema ilikuwa na matundu ya kupitisha wezi. Inayasoma tu mafaili yale yale na kuyacheza kwa njia yake. Unaiongeza kwenye brauza, basi.

Nikaiongeza. Nikafungua wimbo wako. Kijivu.

Nilipiga meza. Nikaitukana laptopu kwa Kikamba, jambo ambalo pasta asilijue. Kisha nikafanya kile nilichokuwa nawafokea makarani wadogo wasipokifanya: nikarudi mwanzo wa maelezo na kuyasoma neno kwa neno, kidole kwenye skrini. Mara ya tatu nikaliona. Kumbe brauza hairuhusu nyongeza kama ile kugusa mafaili yaliyo ndani ya kompyuta yako mwenyewe mpaka wewe uikubalie. Kuna kiswichi kidogo ndani ya mipangilio, kimezimwa. Mwezi mzima wa hofu, mwisho wake kiswichi. Nikakiwasha, nikafunga ukurasa, nikaufungua upya.

Rangi ya chungwa.

Vitufe vinne vilikuwa pale, lakini safari hii hukuandika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Uliandika majina. Cha kwanza "Nafula." Cha pili "Mama Mwende." Cha tatu "Mzee Kilonzo," na jamaa bado yupo, bado anachelewa. Cha nne uliandika "Mimi."

Sikuweza kubofya. Nilikaa nimeshika mdomo. Nilipopata nguvu nikabofya "Mimi," na besi yako ikaanza, pole pole, ile ya kutembea kwa hatua ndefu, sauti ya kinanda tu lakini ni wewe mtupu. Nililia kwa furaha, na ule mzigo wa hofu ukanitoka kifuani.

Kisha nikaona kwamba nimebakiwa na kazi ya kukuasi. Ulisema nisiufungue, unataka uwe mpya. Lakini kitufe cha kwanza kina jina la mtoto, na ubeti wa tatu sauti zote zinanyamaza, anaimba yeye peke yake, halafu besi inamjibu. Hukumtungia wimbo wa kuusikiliza. Ulimpa sehemu yake. Ataiimbaje asipoijua? Nikampigia simu, nikamwambia, "Njoo sasa, na usije na mchumba."

Alikuja na viatu vya kazini. Nikamwonyesha. Alisoma majina, akavuta kiti, akabofya "Mimi" bila kuniuliza. Akaisikiliza mara moja. Akaibofya tena, na safari hii akaanza kuimba juu yake, akifuata noti na maneno yake kwa macho. Alipokosea alirudia. Waliendelea hivyo, wewe na yeye, mpaka chai niliyomtilia ikapoa, na mimi nikaondoka chumbani nikaenda kusimama jikoni, kwa sababu hapo sikuwa na kazi.

Wiki zilizofuata niliandika solfa yote kwa mkono wangu na kuitolea nakala, kila mwanakwaya yake, na nyingine tatu kabatini. Cheka utakavyo. Tena nakuarifu kwamba kwenye ubeti wa pili ulikosea: sauti ya tatu inagongana na yangu mahali pamoja, mpaka meno yanauma. Nimeirekebisha. Mzee Kilonzo alitetea kosa lako majuma mawili, eti Mwalimu hakosei. Nikamwambia Mwalimu alikuwa mtu, tena mtu wa haraka.

Juzi Jumamosi kanisa lilijaa. Nafula alisimama mlangoni ameshikwa mkono na mjomba wake, sisi tukaanza. Ubeti wa kwanza akatembea. Wa pili akatembea. Tulipofika wa tatu tukanyamaza, na watu wakadhani tumesahau. Yeye akasimama katikati ya kanisa, akainua shela, akaimba: "Nimetoka kwenu, je, mlango umefungwa?" Besi ikamjibu maneno yako: "Nenda mwanangu, mlango huu haufungwi." Mama Nafula alipiga kigelegele kimoja, kirefu, na baada ya hapo pasta hakuweza kumtuliza mtu. Bwana harusi alikuwa analia kuliko wote. Tutampenda huyo.

Basi, rafiki yangu, nimepumzika. Nalala vizuri, nakula vizuri, na laptopu ninaifunika kitambaa. Limebaki jambo moja tu linaloniuma. Wimbo ule ulikuwa umekamilika wewe ukiwa bado na pumzi. Tungeweza kuja hospitalini kumi tu kati yetu, tukasimama kando ya kitanda, tukakuimbia. Ulitaka ubaki mpya, ukaupata mpya, lakini wewe hukuusikia kutoka kinywa cha mtu hata mmoja.

Lala salama, Mwalimu. Msalimie marehemu mume wangu, na kama anaimba, mrekebishe. Mimi ndiye ninayeishika kwaya sasa, na nakuahidi hili: atakayetunga wimbo miongoni mwetu, tutauimba Jumamosi ile ile, pamoja na makosa yake, yeye akiwa ameketi mbele yetu anasikia.

Wako,
Mama Mwende